Mwaka wa Kwanza Chuo cha Afya: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu wa udahili zimetoka kwa vijana waliochaguliwa kujiunga na vyuo vya afya, na chache zimetoka kwa wazazi wao. Nimezikusanya hapa zile zinazohusu masomo ya mwanzo, yaani yale anayosoma mwanafunzi kabla hajaruhusiwa kumhudumia mgonjwa peke yake. Majina ya waandishi yameachwa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata C ya Bayolojia na D za Kemia na Fizikia, na sasa nimechaguliwa kusoma Stashahada ya Uuguzi na Ukunga. Binamu yangu aliyesoma chuo ananiambia nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa mwaka wa kwanza ni marudio ya kidato cha nne, kazi yenyewe huanza wodini. Je, ni kweli? *Msomaji, Korogwe*

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuchaguliwa. Binamu yako hajakosea kabisa, kwa sababu mada utakazokutana nazo wiki za mwanzo, kama vile seli, mmeng'enyo wa chakula na mzunguko wa damu, ulikwisha kuzisoma sekondari. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba mada yenye jina lile lile ina kazi ile ile. Sekondari ulisoma habari za moyo ili ujibu mtihani wa taifa. Chuoni unazisoma kwa sababu baada ya miezi michache utasimama kando ya kitanda cha mtu ambaye moyo wake umechoka, na daktari atakuuliza umeona nini.

Stashahada yako ni ya miaka 3, na kila mwaka una ngazi yake chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya kati: ngazi ya 4 mwaka wa kwanza, ya 5 mwaka wa pili, na ya 6 mwaka wa mwisho. Mzigo mkubwa wa masomo ya msingi uko kwenye ngazi ya 4. Humo utakuta anatomia na fiziolojia (yaani maumbo ya mwili na jinsi yanavyofanya kazi), kinga na udhibiti wa maambukizi, maadili ya taaluma, stadi za msingi za uuguzi, stadi za mawasiliano na matumizi ya kompyuta. Wenzako wa maabara watakaa zaidi kwenye hadubini, na wale wa famasi kwenye kemia ya dawa, lakini wote mnaanza na mwili wa binadamu na usalama wa mgonjwa.

Nikupe mfano unaotoka moja kwa moja kwenye ile Kemia uliyoipata kwa D. Dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita 1 ya maji. Kwa nini iwe 9, na kwa nini mgonjwa aliyepungukiwa maji asiwekewe tu maji safi yasiyo na kitu? Jibu limo katika osmosisi, mada ambayo pengine uliisoma kwa kuloweka vipande vya kiazi kwenye bakuli. Maji hupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Ukimwingizia mtu maji matupu mshipani, yatazama ndani ya seli nyekundu za damu, zitavimba hadi kupasuka. Ukimwingizia maji yenye chumvi kupita kiasi, seli hizo zitatolewa maji na kusinyaa. Kwa gramu 9 kwa lita, seli hukaa kama zilivyo.

Mfano wa pili ni pakiti ya ORS, ile ya chumvi na sukari ya kukorogea maji anayopewa anayeharisha, ambayo kila mama anaijua na wahudumu wachache wanaweza kuieleza. Kwa mchanganyiko ulioidhinishwa na WHO na UNICEF mwaka 2002, lita 1 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi, pamoja na chumvi za potasiamu na sitrati. Glukosi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Mwaka 1960 mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo mwembamba hubeba glukosi na sodiamu kwa pamoja, na zikishapita hizo mbili maji huzifuata; njia hiyo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu anayeharisha mfululizo. Muuguzi anayelijua hili atajua pia kwa nini mama asikorogee pakiti ya lita 1 kwenye nusu lita ya maji akidhani kwamba itakuwa na nguvu zaidi, maana mchanganyiko mzito mno huyavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni, na mtoto atazidi kuharisha. Ushauri huo wa dakika moja kwenye zahanati umejengwa juu ya somo ambalo binamu yako analiita marudio.

SWALI: Mwalimu, mimi niko mwaka wa kwanza wa Utabibu. Nimepata sapu ya anatomia na fiziolojia ingawa nilikesha karibu kila siku na notsi zote nilizikariri. Naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Nifanyeje kabla ya mtihani wa marudio? *Msomaji, Mbeya*

JIBU: Pole sana. Umesema mwenyewe kwamba ulizikariri notsi zote, na kwa maoni yangu ugonjwa uko hapo hapo. Anatomia ina mambo ya kukariri, hilo halina ubishi: mifupa 206 ya mtu mzima haina njia ya mkato, wala majina ya mishipa ya fahamu ya kichwani. Fiziolojia haikaririki kwa namna hiyo. Ni masimulizi ya sababu na matokeo, na anayeyakariri kama orodha hupotea swali linapogeuzwa kidogo tu.

Jaribu hivi. Chukua karatasi tupu, funga daftari, uchore moyo wenye vyumba vinne bila kuangalia popote. Damu iliyokwisha kutumika mwilini inarudi kwenye chumba cha juu cha kulia, inashuka cha chini cha kulia, inasukumwa kwenda mapafuni kuchukua oksijeni, inarudi chumba cha juu cha kushoto, inashuka cha chini cha kushoto, na kutoka hapo inasukumwa kwenye aota, mshipa mkuu wa damu, kwenda mwili mzima. Mpaka hapo umekariri kama kawaida. Sasa jiulize swali ambalo pengine hukujiuliza ulipokuwa unakesha: chumba cha chini cha kushoto kikichoka kusukuma, damu itarundikana wapi? Fuata mchoro kinyumenyume kwa kidole. Itarundikana mapafuni, shinikizo litapanda, na maji yatavuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Kwa hiyo mgonjwa atahema, atakohoa, hataweza kulala chali, na usiku utamkuta ameegemea mito mitatu. Kikichoka chumba cha chini cha kulia je? Damu itarundikana huko inakotoka, yaani mwilini: miguu itavimba, ini litatanuka, mishipa ya shingo itatuna. Hapo umezitoa kwenye mchoro mmoja dalili ambazo mwenzako anazikariri kama orodha mbili zisizohusiana, kisha anazichanganya kwenye chumba cha mtihani.

Fanya vivyo hivyo kwa figo, kwa kongosho na sukari ya damu, na kwa mapafu. Kila mfumo uulize maswali matatu: unapokea nini, unatoa nini, na ukisimama nini kitarundikana au kitakosekana. Kisha mweleze mwenzako kwa sauti. Eleza kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu mahali utakapokwama ndipo usipoelewa, halafu rudia kwa Kiingereza cha mtihani. Wanafunzi wengi huruka hatua ya kwanza kwa kuona kwamba inapoteza muda. Matokeo yake wanajua sentensi za Kiingereza ambazo hawawezi kumfafanulia hata mdogo wao.

Upande wa anatomia, achana na picha za kwenye simu, nenda maabara ya mafunzo ukayashike maumbo yenyewe. Sindano ya kalio hupigwa kwenye robo ya juu ya upande wa nje kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu wa siatiki hupita chini na ndani zaidi, na aliyechomwa juu yake anaweza kubaki na mguu unaoburuza. Watoto wachanga huchomwa chanjo pajani, upande wa mbele kwa nje, kwa kuwa misuli ya kalio lao bado ni midogo. Ukishaigawa kalio ya sanamu sehemu nne kwa kidole chako mwenyewe, swali hilo hulikosi tena, na wala hutalisahau utakapokuwa kazini.

Kuhusu kukesha, ningekushauri uache leo. Saa moja ya kuchora na kujiuliza kila jioni kwa wiki nne itakufikisha mbali kuliko usiku mitatu mfululizo ya kahawa. Muone pia mkufunzi wa somo akuonyeshe karatasi yako ya majibu, kwa sababu inawezekana kabisa umeangushwa na mada mbili tu na si somo zima.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Mimi niko chuo cha mafunzo ya tiba, mwaka wa kwanza. Katika shule ya upili hisabati ilinishinda, nikaponea fizikia. Sasa mwalimu wetu ameanza hesabu za dawa na mwili unanitetemeka. Nitaweza kweli? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Utaweza, kwa sababu hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya ulizojifunza shule ya msingi. Kinachowaangusha watu ni haraka, pamoja na kutokuuliza kama jibu lina maana.

Chukua mfano wa amoksilini ya maji. Daktari ameandika mtoto apewe miligramu 250. Chupa inasema kila mililita 5 zina miligramu 125. Kanuni yako ni hii: kiasi kilichoagizwa, gawanya kwa kiasi kilichomo, zidisha kwa ujazo wake. Yaani 250 gawanya kwa 125, mara 5, unapata mililita 10. Lakini kabla hujagusa kalamu ulipaswa kuwa umekwisha kuona kwamba 250 ni 125 mara mbili, hivyo jibu lazima liwe mara mbili ya mililita 5. Mwanafunzi aliyeteleza nukta akapata 100 angeshtuka mara moja kama angeitazama chupa, kwani mililita 100 ndiyo chupa nzima. Mazoea hayo ya kukadiria kwanza na kukokotoa baadaye nayaona ni muhimu kuliko kanuni yenyewe, na ningependa yapewe alama zake kwenye mitihani.

Dripu nazo zina utaratibu wake. Mgonjwa anatakiwa kupata lita 1 kwa saa 8, na mpira wa dripu uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Lita 1 ni mililita 1,000, kwa hiyo ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata takriban matone 42 kwa dakika. Kisha unasimama na saa ya mkononi na kuyahesabu kweli. Mipira midogo ya watoto hutoa matone 60 kwa mililita, na ndiyo maana lazima usome maandishi ya kwenye pakiti kila mara, hata kama jana ulitumia inayofanana nayo.

Jambo la kuogopa hasa ni vipimo. Miligramu 1 ina mikrogramu 1,000, na anayevichanganya viwili hivyo amekosea mara elfu moja. Andika 0.5 na usiandike .5, kwa sababu nukta iliyokaa peke yake hupotea na mtu akasoma 5. Vilevile andika 5, usiandike 5.0, isije ikasomwa 50. Ukiwa huna uhakika, mwombe mwenzako akokotoe peke yake bila kuona jibu lako, kisha mlinganishe. Wauguzi wenye uzoefu wa miaka mingi hufanya hivyo kwa dawa za hatari kama insulini, na hakuna anayewacheka.

SWALI: Mwalimu, naomba kuuliza kwa nia njema. Nimeenda chuo nijifunze kutibu, lakini nafundishwa kuandika barua, kuzungumza mbele ya watu na kutumia kompyuta. Je, masomo haya yamewekwa kujaza ratiba? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hapana, ingawa nakubali kwamba mara nyingine hufundishwa kana kwamba yamewekwa kwa ajili hiyo. Mwanafunzi hawezi kulaumiwa kwa kutoona faida ya stadi za mawasiliano kama kipindi kizima kimeishia kwenye aina za barua rasmi.

Nenda wodini usome taarifa za makabidhiano ya zamu. Utakuta mara nyingi imeandikwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na basi. Anayeingia zamu ya usiku hawezi kufanya lolote kwa sentensi hiyo. Ilinganishe na taarifa inayosema kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji saa 4 asubuhi ana presha 100 kwa 60 ilhali saa 8 mchana ilikuwa 120 kwa 80, mapigo ya moyo yamefika 112 kwa dakika, na pedi mbili zimelowa ndani ya saa moja. Mwandishi wa taarifa ya pili hajasema neno kuhusu kutoka damu ndani ya tumbo wala nje, lakini kila anayeisoma atainuka kwenye kiti. Kuandika namna hiyo hufundishwa, na mahali pa kufundishwa ni hapo hapo unapopalalamikia.

Kuhusu kompyuta, kila kituo cha afya nchini hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya kurekodi taarifa za huduma za afya, na takwimu zake huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Hospitali nyingi za serikali nazo husajili wagonjwa na kuomba vipimo kupitia mfumo wa GoTHOMIS. Dawa zinazoletwa robo ijayo, pamoja na hoja ya kuongezewa watumishi, hutegemea namba hizo. Kijana anayetafuta herufi moja moja kwenye kibodi huku foleni ikirefuka atatamani angekuwa amelichukulia somo hilo kwa uzito.

SWALI: Tumetumia wiki mbili nzima kwenye kunawa mikono na rangi za ndoo za taka. Si ni mambo ya akili ya kawaida? *Msomaji, Iringa*

JIBU: Yangekuwa ya akili ya kawaida, sindano zisingekutwa kwenye mifuko ya taka na wafanya usafi wasingechomwa nazo. Shika mambo matatu: sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake, inaingia moja kwa moja kwenye boksi la usalama, boksi hilo hufungwa likifika robo tatu bila kusubiri lijae, na ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, utoe taarifa saa ile ile, kwa sababu dawa za kukinga VVU hufaa zikianzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Wanafunzi huficha ajali hizi kwa kuogopa kugombezwa. Usifiche.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia) na nategemea kusoma Udaktari wa Binadamu. Je, masomo ya mwanzo ya chuo kikuu yanatofautiana na ya stashahada? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Mifumo ya mwili ni ile ile, kina ndicho hutofautiana. Shahada ya Udaktari ni ya miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kazini, na miaka 2 ya mwanzo hutawaliwa na sayansi za msingi: anatomia, fiziolojia, biokemia, kisha maikrobiolojia (vijidudu), patholojia (magonjwa) na famakolojia (dawa). Anatomia utaisoma juu ya mwili halisi wa marehemu uliohifadhiwa, jambo linalowashtua wengi siku za mwanzo na ambalo hutaka heshima wakati wote. Wanaotoka PCB mara nyingi hupata taabu zaidi kwenye biokemia kuliko walivyotarajia, kwa hiyo kama una likizo mbele yako, rudia kemia ya kaboni na usome vizuri habari za protini na vimeng'enya.

SWALI: Binti yangu alikosa nafasi kwenye vyuo vikubwa. Hapa mtaani kuna chuo kinachotangaza kozi ya uuguzi ya miezi 6, ada nafuu, na wanasema ajira ni ya uhakika. Nimlipie? *Mama, Morogoro*

JIBU: Mama, usilipe bado. Muulize mkuu wa chuo hicho namba ya usajili wa NACTVET, kisha uihakiki mwenyewe kwenye orodha ya vyuo iliyo katika tovuti ya Baraza hilo au katika mwongozo wa udahili. Angalia pia kama kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa fani nyingine kabisa. Hakuna njia ya kuwa muuguzi kwa miezi 6. Muuguzi hufanya kazi kwa leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na Baraza hilo halimpi leseni mtu aliyetoka kwenye kozi lisiyoitambua. Kama binti ana ufaulu wa Bayolojia na Kemia, aombe tena awamu ijayo au atazame fani nyingine za afya. Kama somo moja ndilo linalomkwamisha, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kutamgharimu kidogo kuliko ada hiyo.

SWALI: Ndugu Mwalimu, mimi ni Mkenya, naishi Minnesota, Marekani. Nafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi katika nyumba ya wazee na nataka kuwa muuguzi kamili. Chuo cha jamii kilicho karibu nami kimenipa orodha ndefu ya masomo ya kusoma kwanza kabla hata ya kuomba nafasi ya uuguzi. Nianzie wapi, na je, uzoefu wangu wa kazi hauhesabiki? *Msomaji, Minnesota*

JIBU: Huko mpangilio umegeuzwa. Afrika Mashariki mtu huchaguliwa kwanza, kisha akasomea masomo ya msingi ndani ya kozi. Marekani masomo hayo huwekwa mlangoni, na alama zako humo ndizo zinazoamua kama utapata nafasi. Cheti chako cha usaidizi, ambacho kwa sheria ya serikali kuu huhitaji mafunzo ya saa zisizopungua 75, ni sifa nzuri, na baadhi ya vyuo hukitaka, lakini hakichukui nafasi ya somo lolote la sayansi.

Orodha huwa inafanana kwa sehemu kubwa: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiwa na maabara yake, maikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia ya makuzi ya binadamu, na mara nyingi takwimu au kemia. Anza na uandishi wa Kiingereza pamoja na kemia kama chuo chako kinaitaka, kwa sababu vyuo vingi havikuruhusu kuingia anatomia bila msingi huo. Muhula unaofuata chukua anatomia sehemu ya kwanza, na kama unafanya zamu za usiku, usiiambatanishe na somo jingine la sayansi. Najua haraka uliyo nayo. Hata hivyo nimewasikia Waafrika Mashariki wengi huko waliochukua anatomia, maikrobiolojia na kemia kwa mpigo huku wakifanya kazi saa 40 kwa wiki, wakaambulia alama C, halafu wakashindania nafasi na watu wenye A. Vyuo vingi huweka kikomo cha mara ngapi unaruhusiwa kurudia somo, na alama ya kwanza hubaki kwenye rekodi.

Uliza mambo manne ofisi ya ushauri kabla ya kulipa, na upewe majibu kwa maandishi. Masomo ya sayansi hudumu muda gani, kwa maana vyuo vingi havipokei yaliyozidi miaka 5 au 7? Mtihani wa kuingilia ni upi? Ule uitwao TEAS, kwa mfano, una sehemu 4, yaani kusoma, hisabati, sayansi na matumizi ya Kiingereza, na ni vyema kuufanya mara tu baada ya anatomia sehemu ya pili, mambo yakiwa bado kichwani. Je, kozi ya uuguzi ya chuo hicho imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, ili ukihitimu uruhusiwe kufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN? Na masomo uliyosoma Kenya baada ya shule ya upili, kama yapo, yatatambuliwa yakishafanyiwa tathmini na wakala gani?

Suala la ada hutegemea hadhi yako ya ukaazi. Mwenye ukaazi wa kudumu, mkimbizi aliyekubaliwa na raia wanaweza kuomba msaada wa serikali kuu kwa kujaza fomu ya FAFSA. Aliyeingia kwa viza ya masomo ya F-1 hawezi. Uliza pia mwajiri wako, kwa sababu nyumba nyingi za wazee hulipia sehemu ya ada za wasaidizi wao kwa sharti la kuendelea kufanya kazi hapo kwa muda fulani. Soma sharti hilo lote kabla ya kutia sahihi, hasa kipengele kinachosema utadaiwa kiasi gani ukiondoka mapema.